Kanda Sifuri kwenye ploti ya hamsini kwa mia: kanuni ipi ya moto inafaa mtaa wako?

Chukua utepe wa kupimia, bana ncha moja kwenye ukuta wa nyumba yako, halafu rudi nyuma futi tano. Umefika wapi? Mimi nikifanya hivyo hapa Milimani, Nakuru, chini ya msitu wa Menengai, naishia kwenye nyasi, kando ya mbao alizoziacha fundi wa paa akisema atarudi kuzichukua. Dada yangu akifanya hivyo kwenye ploti yake ya vyumba vya kupangisha kule Kaptembwo, mtaa uliosongamana wa mji huuhuu, utepe unagonga ukuta wa jirani kabla ya futi ya nne.

Futi tano ni kipimo cha California. Huko wanaliita eneo hilo Kanda Sifuri, na nia yake ni kwamba cheche ikianguka karibu na ukuta isipate cha kula. Januari 2025 moto ulifagia Pacific Palisades na Altadena, Los Angeles, ukateketeza majengo zaidi ya 16,000. Tangu hapo michoro ya kanda hizo imekuwa ikizunguka kwenye simu zetu kila kiangazi, moshi unapoanza kuonekana juu ya kreta ya Menengai. Kamati ya mtaa wetu imechangisha pesa kidogo, na mabishano yakawa: tufyeke, turekebishe nyumba, au tununue tangi na pampu? Dada yangu, ambaye mfuko wake ni mwembamba kuliko wangu na ana wapangaji kumi na wanane, alikuwa akijiuliza hilohilo kwa ploti yake. Nilimtumia mchoro wa California. Akanijibu kwa ujumbe mmoja: "Hizo futi tano nizitoe wapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kulinganisha kwa makini. Nimeziweka kando kwa kando kanuni tatu zilizozaliwa na mioto mitatu ya aina tofauti: ya California, ya Australia, na ile iliyotokana na mitaa ya vibanda ya Cape Town. Kila moja ina jambo inalolijua vizuri na jambo isiloliona kabisa.

California: ondoa kinachowaka

Sheria ya California inamtaka mwenye nyumba aliye katika eneo la hatari asafishe futi 100, karibu mita 30, kuizunguka nyumba yake. Futi tano za kwanza ni Kanda Sifuri. Kutoka hapo hadi futi 30 ni Kanda ya Kwanza, ambamo majani makavu huzolewa na matawi hayaruhusiwi kuning'inia juu ya paa wala kugusana na ya mti wa pili. Kutoka futi 30 hadi 100 ni Kanda ya Pili: vichaka vinapunguzwa viachane, nyasi zisizidi inchi nne. Kanda Sifuri ilikuja na sheria ya mwaka 2020. Februari 2025, Los Angeles ikiwa bado inanuka moshi, Gavana Gavin Newsom aliagiza kanuni zake zikamilishwe kabla ya mwaka kwisha.

Msingi wa vipimo hivi una maana. Mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, Jack Cohen, alisimamisha kuta za mbao mbele ya msitu kisha msitu ukawashwa makusudi. Kuta zilizokuwa umbali wa mita 30 hazikushika moto. Zilizokuwa mita 10 nyingine zilishika. Maana yake ni kwamba ule ukuta wa miale tunaouogopa tukiwa mbali hauunguzi nyumba nyingi kiasi tunachodhani. Mchokozi ni cheche. Upepo mkali huzibeba hata zaidi ya kilomita moja, zikatua kwenye gata lililojaa majani, kwenye mkeka wa mlangoni, kwenye rundo la kuni lililoegemezwa ukutani. Pale zinajilisha kidogokidogo, na baada ya robo saa ukuta unapigwa na moto ulioanzia futi mbili kutoka mlangoni. Mtu anasema msitu umemchomea nyumba, kumbe msitu ulileta kiberiti tu na kuni zilikuwa zake.

Uzuri wa kanuni hii ni bei. Panga, reki na Jumamosi moja zinatosha. Hakuna mhandisi, hakuna kibali.

Ubaya wake unaonekana ukiiweka juu ya ploti zetu. Futi hamsini kwa mia ni mita 15 kwa 30. Weka katikati nyumba yenye upana wa mita tisa, na kila upande umebakiwa na mita tatu. Kanda Sifuri inaenea na nafasi inabaki. Kanda ya Kwanza inavuka ua, inapita uwanja wa jirani, inatoboa ukuta wake na kuishia kitandani kwake. Kanda ya Pili inamaliza nyumba ya jirani huyo, inavuka ua mwingine na kusimama kwenye ukuta wa mbali wa nyumba ya jirani wa pili. Sheria ya California inalijua tatizo hilo, ndiyo maana wajibu wako unaishia kwenye mpaka wa kiwanja chako. Lakini moto haujui bikoni.

Santa Rosa waliliona hili Oktoba 2017. Moto ulioitwa Tubbs ulitoka milimani usiku ukisukumwa na upepo, ukaruka barabara kuu yenye leni sita na kuingia Coffey Park, mtaa wa nyumba zilizopangwa kwa karibu kwenye ardhi tambarare, nje ya ramani ya maeneo ya hatari. Zaidi ya nyumba 1,000 ziliungua katika mtaa huo mmoja. Hapakuwa na msitu wa kulaumu. Nyumba iliwasha nyumba, nayo ikawasha iliyofuata. Katika picha za baada ya mioto ya namna hii utaona mara nyingi jambo la kushangaza: miti imesimama na majani yake, nyumba ndizo zimekuwa jivu.

Kwa sababu hiyo wakaazi wengi wa mitaa iliyosongamana ya Los Angeles wanaipinga Kanda Sifuri. Wanauliza: mnaning'olea ua wangu ninaoumwagilia kila jioni, ilhali nyumba ya mbao ya jirani iko hatua nne kutoka dirishani kwangu? Mimi naona wana hoja nusu. Ua mbichi kweli hauwaki kirahisi kama rundo la kuni. Lakini ukiutenganisha kwa mkono utakuta katikati yake majani makavu ya miaka mitano, hasa ukiwa wa saiprasi. Nusu ya pili ya hoja yao sina la kuijibu. Ukifyeka uwanja wako ukawa kama uwanja wa mpira, na nyumba ya jirani ikawaka mita sita kutoka kwako, hukufyeka kilichowaka.

Australia: jenga kulingana na joto litakalokufikia

Waaustralia wanaanza kwa swali jingine. Hawaulizi umefyeka hadi wapi. Wanauliza ni joto kiasi gani litaufikia ukuta wako. Kiwango chao cha ujenzi, AS 3959, kinapanga viwanja kwa madaraja. Chini kabisa ni hatari ndogo, kisha 12.5, 19, 29 na 40, na juu ya hapo ni daraja la kuguswa na miale yenyewe. Namba hizo ni kilowati kwa kila mita ya mraba. Ili upate picha: jua la saa sita mchana linaleta karibu kilowati moja. Daraja la 12.5 ni kama kupigwa na majua kumi na mawili kwa pamoja, na kuna madirisha yasiyostahimili hilo.

Hesabu inachukua aina ya uoto, umbali wake hadi mita 100, na mteremko. Ikishapatikana, kanuni inakuambia vioo viwe vya namna gani, milango ifungeje, na kwamba matundu ya hewa yafunikwe kwa wavu wa chuma usio na tundu linalozidi milimita mbili. Kiwango kilitolewa upya mwaka 2009, mwaka uleule ambao Jumamosi ya tarehe 7 Februari iliua watu 173 katika jimbo la Victoria. Na miaka sita kabla ya hapo, Januari 2003, Canberra yenyewe, mji mkuu, ilipoteza watu wanne na karibu nyumba 500 moto ulipoingia mitaani kutoka vilimani.

Suala la mteremko linatuhusu sana, na sijasikia mtu akilitaja kwenye mikutano yetu. Moto unaopanda hukimbia: kwa kila nyuzi kumi za mwinuko kasi yake hukaribia kuongezeka maradufu, kwa sababu miale inalala juu ya nyasi zilizo mbele na kuzikausha kabla ya kuzifikia. Moto unaoshuka hutembea. Sasa itazame Menengai. Sisi wa Milimani, na majirani wetu wa London (yetu hii ya Nakuru yenye dampo la Gioto juu yake), tuko upande wa nje, na mteremko unatushukia. Ndani ya kreta ndiko leleshwa inakojaa, na leleshwa ina mafuta. Kiangazi inawaka kama imemwagiwa parafini. Moto ukianza chini kule unapanda ukuta wa kreta kwa kasi, unafika kwenye ukingo, na kutoka hapo juu unarusha cheche kuelekea mjini upepo ukiwa wa upande huo. Mikalitusi na saiprasi zilizo kati yetu na ukingo zinaweza kuwaka zikishuka polepole, muda ambao watu wa msitu na wa kaunti wanaweza kuutumia. Cheche hazisubiri mteremko.

Kwa hiyo adui wetu mkuu ni cheche, na kwa cheche nyumba zetu tayari zimewazidi Wamarekani. Mkaazi wa Los Angeles anaishi ndani ya fremu ya mbao. Anayetaka ukuta usiowaka na paa la chuma anagharimika sana kuvipata, ilhali fundi yeyote wa Nakuru atakupa mawe na mabati bila hata kuuliza. Ulipo udhaifu wetu ni juu, pale mabati yanapokutana na ukuta. Mawimbi ya mabati yanaacha vitundu. Upenu uko wazi au umefunikwa kwa plaiwudi iliyoanza kubanduka. Matundu ya hewa juu ya madirisha yamezibwa kwa wavu wa plastiki wa kuzuia mbu, ambao cheche moja inauyeyusha. Na darini kuna nini? Kenchi za mbao zilizokauka miaka kumi, viota vya ndege, vumbi la msumeno, masanduku ya vitabu vya watoto waliomaliza shule. Panda na tochi ujionee. Mimi nilipanda, na sikupenda nilichokiona.

Kurekebisha hayo hakuhitaji kufuata kitabu kizima cha Australia. Wavu wa chuma badala ya plastiki, saruji kwenye vitundu vya mawimbi, gata lisafishwe kabla ya Januari. Fundi mmoja na siku mbili tatu. Kanuni yenyewe, kwa ukamilifu wake, inamfaa anayejenga sasa, na inahitaji mtu wa kupiga hesabu. Pia ina upofu wake: kinachopimwa kama kuni ni uoto. Nyumba ya jirani haimo kwenye hesabu. Kwa shamba la Victoria sawa. Kwa Kaptembwo, ukikaa mbali na mti wowote, hesabu hiyo itakuambia uko salama, na utakuwa umedanganywa na namba.

Kabla hujasema jengo la mawe haliungui, kumbuka Chuo Kikuu cha Cape Town. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa nyika ulishuka kutoka Table Mountain hadi chuoni na kuteketeza maktaba ya Jagger pamoja na hazina kubwa ya maandishi ya Afrika. Lilikuwa jengo la chuo, si nyumba ya mbao.

Cape Town: achanisha, na acha njia

Mji huohuo ndio unaonipa kanuni ya tatu, ingawa kwa mtaa wa aina nyingine kabisa. Imizamo Yethu ni makazi ya vibanda yaliyopanda mlima kule Hout Bay. Machi 2017 moto uliteketeza vibanda zaidi ya 2,000 na kuacha maelfu ya watu nje. Mji ukaamua kwamba kabla ya watu kujenga upya, eneo lipangwe kwa vitalu, vibanda viachane, na barabara zipite katikati. Umbali unaotajwa mara nyingi kati ya kibanda na kibanda ni mita tatu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch wamekuwa wakijenga vibanda na kuvichoma makusudi wakiwa na vipimo vyao. Matokeo yao yalinifundisha jambo kuhusu mabati. Bati haliwaki, lakini linapitisha joto. Kibanda cha kwanza kikishika, ukuta wa bati wa kibanda cha pili unakuwa kama kikaango, na boksi za katoni zilizobandikwa kwa ndani kuzuia baridi zinashika moto bila miale kuingia. Mambo huwa yamekwisha kwa dakika chache. Tuna kuta za namna hiyo hapa kwetu, Nakuru na Kisumu, na katoni ndani tunazo.

Tatizo la mita tatu ni hesabu ya tumbo. Ploti ya dada yangu ina safu mbili za vyumba zinazotazamana, korido katikati, mlango mmoja wa chuma barabarani. Ukitaka mita tatu kati yake na jirani, unabomoa safu nzima, vyumba tisa. Hiyo ni karo ya watoto watatu. Hata Cape Town mpango wa vitalu haukwenda kwa raha: kazi ilichelewa, watu wakakaa kwenye makazi ya muda, na katika mwaka huohuo kukawa na maandamano. Mji ukitaka kuachanisha watu lazima uwe na mahali pa kuwapeleka, na lazima uanze na barabara. Lori la zimamoto lina upana wa karibu mita mbili na nusu. Kwenye vichochoro vya Rhonda au Kaptembwo anayepita kwa raha ni boda. Huduma za kuzima moto ni kazi ya kaunti, Katiba ya 2010 imesema hivyo, lakini gari likishindwa kukata kona, Katiba haina hosipaipu ndefu.

Kwa hiyo nilikaa na dada yangu tukaiangalia ploti yake kama ilivyo, bila kubomoa kitu. Moto wake hautatoka Menengai. Utatoka kwenye jiko la makaa lililoingizwa ndani kwa sababu ya mvua, kwenye waya wa stima uliounganishwa na mtu wa mtaani, kwenye mshumaa, kwenye mtungi wa gesi wa kilo sita ulio chini ya kitanda kwa kuwa hapana mahali pengine. Kanda Sifuri yake iko ndani ya chumba.

Tulipanda juu. Kuta zinazotenganisha vyumba zinaishia kwenye mkanda wa zege, juu ya madirisha. Kutoka hapo hadi kwenye mabati ni wazi, kutoka chumba cha kwanza hadi cha tisa, uwazi mmoja mrefu wenye mbao juu na silingi bodi chini. Moto ukianza chumba cha tatu hautahitaji kuvunja ukuta wowote. Utapanda, utatambaa chini ya mabati, na utawashukia watu wa chumba cha tisa wakiwa wamelala, huku ukuta wa chumba chao ukiwa haujapata hata doa. Ploti nyingi za safu nilizoingia zimejengwa hivyo, kwa kuwa mawe yanayookolewa juu ya kila ukuta yanatosha kuanzisha chumba kingine.

Pia kuna mlango. Usiku unafungwa kwa kufuli, ufunguo mmoja uko kwa mpangaji wa chumba cha kwanza. Madirisha yana vyuma. Vyuma ni vya wezi, na sielewi namna ya kumshawishi mtu avitoe. Lakini dirisha moja kwa kila chumba linaweza kuwa na vyuma vinavyofunguka kwa ndani kwa komeo, na korido inaweza kuwa na mlango wa pili upande wa nyuma.

Tangi na pampu je?

Mtaani kwetu hili ndilo lililokuwa na wapiga debe wengi, na ndilo nisilolipenda kwa Milimani. Palisades walikuwa na haidranti, matangi makubwa na mji tajiri nyuma yao, na bado maji yalikata kwenye miinuko kwa sababu kila mtu aliyahitaji kwa wakati mmoja. Usiku wa cheche, pampu moja inakimbilia nyumba ipi? Na ikiwa ni ya stima, umeme ukikatwa ni chuma tu.

Kwa Kaptembwo nina maoni kinyume. Moto wa chumba unaanza mdogo na unaanzia mbele ya watu. Tangi la korido, ndoo za mchanga, kizimamoto kimoja kwa kila safu na mpangaji aliyewahi kukishika vinaweza kuumaliza kabla haujapanda. Maji yaleyale, bei ileile, mtaa tofauti.

Neno fupi kwa wa Kisumu

Wakaazi wa mitaa iliyosongamana ya Manyatta, Obunga na Nyalenda wasome sehemu ya Cape Town; hali yao ni ya dada yangu. Lakini pembeni mwa mji, kuelekea Kibos na Miwani, kuna nyumba ambazo miwa imefika hadi dirishani, na Dunga kuna mafunjo yanayochomwa kiangazi. Hapo California inashinda waziwazi. Ardhi ni tambarare na kuni zote ni za shamba. Ila futi tano hazitoshi mbele ya mimea iliyomzidi mtu kimo: omba Kanda ya Kwanza, mita tisa za ardhi tupu au mboga kati ya nyumba na mstari wa kwanza wa miwa. Mwenye shamba anajua kukata njia za moto kati ya vitalu vyake, kwa hiyo unachomwomba si kigeni kwake. Mwombe kabla ya msimu wa kuvuna, na umwambie ni upande upi upepo wa ziwa unapiga mchana.

Tulivyochagua

Ukirudi kwenye utepe wako: kilichoko mwisho wa futi tano kikiwa ni majani, na majani ni yako, anza na California kwa sababu ni bure. Kikiwa ni majani ya mtu mwingine au ya serikali, rekebisha matundu na upenu. Msitu wa Menengai hauko mikononi mwetu kuufyeka. Kukata mti au kuwasha moto ndani ya msitu wa umma bila idhini ni kosa kisheria, na kulikuwa na mjumbe kwenye kamati yetu aliyependekeza tuchome ukanda mapema "ili uishe". Tulimkalisha chini. Kikiwa ni ukuta, achana na majani. Shughulika na ukuta, paa na mlango.

Nyumba za zamani za manispaa, kama zile za Bondeni na Kivumbini, ziko katikati ya hali hizi mbili. Ziliachwa na nafasi, kisha vibanda vya mabati vikajazwa kwenye nafasi hiyo. Hapo kanuni ya umbali ingekuwa rahisi kuliko popote, kama si kodi inayotoka kwenye vibanda hivyo.

Dada yangu alichagua kuta. Amepandisha nne kati ya nane za safu ya mbele hadi kwenye mabati, na mabaki ya uwazi yamezibwa kwa saruji. Mlango wa nyuma utakuja mwezi ambao vyumba vyote vitakuwa vimelipa.

Kamati yetu iliamua wavu wa chuma ununuliwe kwa jumla na ugawiwe nyumba zilizo mstari wa juu, karibu na msitu. Kilichobaki ni ua wa saiprasi ulio kati yangu na jirani yangu wa kulia, mzee anayeupunguza kwa mkasi kila Jumapili baada ya kanisa. Ua huo unatoka lango hadi kwenye pembe za nyumba zetu zote mbili, na mahali unapogusa ukuta wake unafika hadi kwenye upenu. Nilienda kumwona jioni. Nilianza na California, akanikatiza: "Kijana, huu ua niliupanda kabla hujazaliwa." Nikaacha California. Nikamwomba futi tano za mwisho tu, pale unapogusa nyumba zetu, tujenge kipande cha mawe cha kimo kilekile. Alitoka nje na fimbo, akapima kwa hatua zake mwenyewe, akakubali nne.